AFCON 2027: Mechi 27 zisizo za wenyeji zitajazwa na nani?

AGOSTI 22, 2025, Kwa Mkapa. Morocco 1, Taifa Stars 0. Safari yetu ya CHAN ikaishia robo fainali. Siku hiyohiyo pale Nairobi, Harambee Stars wakang'oka kwa penalti mbele ya Madagascar. Kesho yake Kampala, Uganda nao wakalala 1-0 kwa Senegal. Wenyeji watatu, wote nje, ndani ya siku mbili.

Mashindano hayakusimama kutusubiri. Agosti 26 uwanja uleule wa Mkapa ukapokea nusu fainali ya Madagascar na Sudan. Mechi kubwa hiyo, mshindi anakwenda fainali. Lakini muulize mtu wa Temeke au Mbagala: ile ilikuwa mechi ya nani?

Swali hilo ndilo tunaloliruka kila tunapoizungumzia AFCON 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda wataiandaa kwa pamoja. Maneno yetu yote ni nyasi, taa, hoteli, barabara na uwanja mpya wa Arusha utaisha lini. Ni mambo ya msingi, hakuna anayebisha. Ila uwanja ukishakamilika, lazima mtu akae kwenye kile kiti. Nani? Na kwa shilingi ngapi?

HESABU YENYEWE

Tufanye hesabu ya darasa la nne. AFCON ina timu 24 kwenye makundi sita ya timu nne nne. Kila kundi lina mechi sita, kwa hiyo hatua ya makundi ni mechi 36. Wenyeji watatu wakiwekwa makundi tofauti, kama ilivyokuwa CHAN, kila mmoja atacheza mechi tatu. Tatu mara tatu ni tisa.

Toa tisa kwenye 36, zinabaki 27. Yaani robo tatu ya mechi za makundi, zitakazochezwa kwenye ardhi yetu, hazitakuwa na Stars, Harambee wala Cranes.

Zile tisa hazina presha. Zitajaa tu. Kasarani, Agosti 10, Kenya ilipoifunga Morocco 1-0, tatizo halikuwa viti vitupu. Tatizo lilikuwa watu wasio na tiketi kuvunja ulinzi na kuingia, mpaka CAF ikapunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa pale. Timu ya nyumbani ikicheza, kazi ya mwandaaji ni kuwazuia watu.

Kwenye hizo 27, kazi inageuka. Unatakiwa uwaite watu. Na kuita watu kunaanza na bei.

MAREKANI WALIJIFUNZA KWA AIBU

Kama unadhani hili ni tatizo la Afrika, rudi kwenye Kombe la Dunia la Klabu la mwaka 2025 kule Marekani. Nchi yenye pesa, viwanja vya kutisha, timu 32 na mechi 63.

Juni 17, Mamelodi Sundowns, wawakilishi wetu kutoka Afrika Kusini, walicheza na Ulsan ya Korea Kusini mjini Orlando. Uwanja unaingiza watu zaidi ya 25,000. Waliohudhuria walikuwa 3,412. Kwa hesabu hiyo, kuna mechi za Ligi Kuu yetu zinazoipita.

Siku moja kabla, Chelsea walicheza na LAFC mjini Atlanta, kwenye uwanja wa watu zaidi ya 70,000. Waliingia 22,137. Hiyo ni Chelsea, timu ambayo jezi yake unaikuta mpaka Tandahimba. Mechi ilipigwa Jumatatu, saa 9 alasiri ya kule, watu wakiwa kazini.

Waandaaji walikuwa wanauza tiketi kwa ule mtindo wa ndege: bei inapanda watu wakizigombea, inashuka wakizikimbia. Ikafika nusu fainali ya Chelsea na Fluminense. Tiketi ya bei ya chini iliyokuwa dola 473.90 ikashushwa mpaka dola 13.40. Sasa jiweke kwenye nafasi ya shabiki aliyenunua mapema kwa bei ya kwanza, halafu jirani yake kwenye kiti cha pembeni amelipa dola 13. Huyo ukimwambia tena anunue mapema atakucheka.

Tuwe wakweli, zipo mechi zilizojaa. PSG na Atletico Madrid waliingiza 80,619 pale Rose Bowl, na fainali ya Chelsea na PSG ikaingiza 81,118. Kwa hiyo Wamarekani hawachukii mpira. Mechi yenye majina inajiuza. Mechi isiyo na majina, kwenye mji ambao hauna timu uwanjani, haijiuzi kwa bei ya mechi yenye majina.

Hata FIFA ni kama wamelisikia hilo. Desemba 2025, baada ya mashabiki wa Ulaya kuzijia juu bei za tiketi za Kombe la Dunia 2026, walitangaza kundi la tiketi za dola 60 kwa mashabiki wa timu zinazoshiriki, kwa mechi zote 104. Ni chache, lakini ni kukubali kwamba walipita kiasi.

MISRI NAO YALIWAKUTA

Tuje nyumbani Afrika. AFCON 2019 Misri, ndiyo ya kwanza kuwa na timu 24. Tiketi ya chini kwa mechi za Misri ilitangazwa paundi 200 za kwao, watu wakapiga kelele, ikashushwa mpaka 150. Mechi za Mohamed Salah na wenzake zilijaa. Mechi nyingi za wengine zilichezwa mbele ya viti. Julai 6, Afrika Kusini wakaitoa Misri 1-0 hatua ya 16 bora, na wenyeji wakabaki na mashindano mikononi huku timu yao iko nyumbani.

Guinea ya Ikweta mwaka 2015 walikuja na dawa nyingine. Walikuwa wamepokea mashindano ghafla baada ya Morocco kujitoa, na Rais wao, Teodoro Obiang, akatangaza kununua tiketi 40,000 za kuwagawia wananchi wasio na uwezo. Watu waliingia, sawa. Lakini tiketi inayosubiri hisani ya mkubwa siyo mpango. Hata hapa kwetu tumezoea mechi za kimataifa ambazo mzunguko unafunguliwa bure siku chache kabla. Mashabiki wanafurahi, ila wanajifunza jambo moja: usinunue mapema, subiri.

BUKU TANO SIYO BUKU TANO

Waandaaji wetu hupenda kusema kiingilio ni kidogo, mzunguko buku tano tu, nani atashindwa? Tatizo ni kwamba shabiki halipi buku tano.

Chukua mfano wa fundi anayeishi Gongo la Mboto. Mechi ni saa 10 jioni, siku ya kazi. Lazima afunge ofisi saa 7. Hapo ameshapoteza nusu siku ya kipato. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Ukaguzi getini ni foleni, na chupa yake ya maji inabaki nje, kwa hiyo ndani atanunua kwa bei ya ndani. Mechi ikiwa ya usiku, daladala zimepungua na bodaboda anamwangalia usoni ndipo anamtajia bei. Akiwa na watoto wawili, zidisha. Hiyo buku tano imeshakuwa elfu 15, au 20, au zaidi.

Upande wa pili kuna kibanda umiza. Buku moja, au pungufu, anaona mechi, marudio ya mabao na uchambuzi, anarudi kwake kwa miguu. Kwa Stars atakubali kupata hasara, kwa sababu pale analipia kuwepo. Kwa Guinea na Zambia? Hapana. Siyo kwamba hana uzalendo. Amepiga hesabu.

Kwa hiyo kwenye mechi 27, mpinzani wa kwanza wa mwandaaji ni kile kibanda cha mtaani. Bei ikipangwa bila kukifikiria kibanda, mchezo umeshaisha.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Kuna watakaosema hela ya AFCON haiko kwenye mzunguko, iko kwenye televisheni na wadhamini, kwa hiyo viti vitupu siyo ishu. Nawakubalia nusu. Ni kweli pesa kubwa ya soka la leo ni ya televisheni. Sisi wenyewe mkataba wa Ligi Kuu na Azam Media uliosainiwa 2021 ni wa Shilingi 225.6 bilioni kwa miaka 10.

Lakini televisheni inanunua nini? Inanunua mpira pamoja na ule mzuka. Kamera ikizunguka ikakuta viti vya plastiki, hata mtazamaji wa nyumbani anabadilisha chaneli. Mdhamini naye anaona. Shabiki wa mzunguko ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, na ni ajabu kumtoza mtu bei ya kumfukuza wakati yeye ndiye anayeipamba.

Wengine wana hofu ya usalama, na hawa wana hoja nzito. Mei 28, 2023, siku ya fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine 30 wakajeruhiwa kwenye msongamano Kwa Mkapa. Hilo lisisahaulike. Ndiyo maana sipigii debe milango kuachwa wazi dakika za mwisho. Bei ya chini iende na tiketi yenye jina, geti na kiti. Mtu aliyelipa buku na anajua kiti chake hana sababu ya kusukumana. Anayesukumana ni yule asiyejua kama ataingia.

KIFANYIKE NINI

Kwanza, mechi zisizo za wenyeji ziwe na bei yake, na isizidi sana bei ya kibanda umiza. Buku mbili ndani ya uwanja iliyojaa inazidi buku kumi iliyolala ofisini.

Pili, bei ikitangazwa isiguswe. Isishuke wiki ya mechi. Anayenunua mapema apate faida ya kununua mapema, siyo kuonekana mjinga.

Tatu, ziuzwe kwa mafungu. Anayenunua tiketi ya mechi ya Stars apewe na ya mechi nyingine moja kwenye uwanja huohuo, kwa nyongeza ndogo. Mechi ya Stars ibebe zile yatima.

Nne, nauli iwe ndani ya tiketi. Jiji lina mabasi ya mwendokasi, mashindano yana tarehe zinazojulikana. Tiketi ikimrudisha mtu mpaka Mbagala saa 5 usiku bila kulipa tena, tayari umeondoa nusu ya sababu za kubaki nyumbani.

Tano, watoto. Mtoto wa shule aliyekaa Kwa Mkapa akamwona nyota wa Senegal kwa macho yake hatasahau. Shule zipangiwe viti kwenye mechi za mchana, kwa utaratibu, siyo kwa kubebwa kwenye lori dakika za mwisho ili kamera isione aibu.

Na mashabiki wageni nao wahesabiwe. Dar ina Wakongo wengi wanaojua kujaza uwanja na kuimba dakika 90. Timu yao ikipangiwa hapa, waandaaji wawafuate mapema waliko.

Hakuna kati ya haya linalohitaji saruji wala nondo. Linahitaji watu wa tiketi wa nchi tatu kukaa meza moja kabla ratiba haijatoka, siyo baada ya picha za viti vitupu kusambaa dunia nzima.

Tuna msemo wetu tunaoupenda, Kwa Mkapa hatoki mtu. Sawa. Lakini ili asitoke, kwanza aingie.