Kikombe Chetu Kiitwe kwa Jina la Nani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu niseme neno juu ya kikombe kipya cha mabweni. Kila mwanafunzi ajua kwamba kikombe cha zamani kilivunjika mkono mmoja kikafungwa kwa waya, na kwamba wanafunzi wa zamani wametununulia kingine. Kikombe hicho kimefika, kimewekwa katika kabati la ofisi, nasi hukitazama dirishani tupitapo kwenda kula. Lakini bado hakina jina. Mwalimu wa michezo ameamuru tuchague jina la mchezaji mmoja wa kabumbu aliye mkuu kupita wote, wa siku hizi au wa siku zilizopita, na kura zipigwe kabla ya shule kufungwa. Wanafunzi wa zamani wataleta kura zao kwa barua. Basi nawaandikia watu ambao kura zao bado zimo mikononi, na nia yangu ni kuwageuza.

Tangu tangazo lile lisomwe hakuna usingizi katika mabweni. Wadogo zetu wa vidato vya chini wanamtaka Messi. Wenzangu wa Kidato cha Tano na cha Sita walio wengi wanamtaka Denis Onyango. Wanafunzi wa zamani, kwa barua zilizokwisha kufika, wanamtaka Phillip Omondi, na mmoja wao ameandika kwamba sisi watoto hatujui kabumbu bali twajua televisheni. Wako na wawili watatu wanaomtaja Majid Musisi, aliyetoka SC Villa akaenda kucheza Rennes huko Ufaransa, lakini hawapigi kelele sana. Kisha ubaoni, chini ya orodha iliyopigwa chapa, wenzetu wanaotoka ng'ambo ya mto Lhubiriha waliongeza kwa kalamu jina la Ndaye Mulamba. Mtu akalifuta. Asubuhi yake lilikuwa limeandikwa tena, kwa herufi kubwa zaidi. Nakiri kwamba siku ile nilicheka pamoja na waliocheka. Leo nataka kueleza kwa nini nitampigia kura Mulamba.

Kwanza tutafute kipimo, maana bila kipimo tutapiga kelele mpaka kengele ya kulala. Wengi wetu hupima kwa kuhesabu. Fulani ana mabao mangapi, ana vikombe vingapi. Hesabu ni nzuri, lakini sharti ujue ulichohesabu. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa na timu 8 tu mwaka 1974, na vivyo hivyo mwaka 1978. Uganda iliporudi mwaka 2017 zilikuwa timu 16, na mwaka 2019 zikawa 24. Mtu aliyecheza zamani hakuwa na mechi nyingi za kujazia daftari lake. Hata Wamarekani, ambao kabumbu lao ni lile la kushika mpira kwa mikono na kuangushana, wanagombana kwa jambo hili hili. Jim Brown, anayetajwa sana na wazee wao, alianza mwaka 1957 katika msimu wa mechi 12, akaacha baada ya msimu wa 1965 zilipokuwa 14. Tangu mwaka 2021 ni mechi 17. Ukijumlisha tu bila kuuliza, kijana wa leo atamshinda mzee kabla hajafunga viatu.

Wengine hupima kwa macho. Wakati wa likizo, simu zinapokuwa mikononi mwetu, tunatazama picha za mechi za zamani na kusema, "Tazama, wanatembea! Mimi mwenyewe ningewapita." Hayo ni maneno ya kitoto, na mimi niliyasema pia. Picha haikuonyeshi teke. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 Pelé alipigwa miguu hadi akachechemea uwanjani, na Brazili ikatolewa. Kadi za njano na nyekundu hazikuwako mpaka mwaka 1970. Amri kwamba mtu anayemkata mwenzake kwa nyuma kwa namna ya kumwumiza atolewe nje ilikaza mwaka 1998. Basi mshambuliaji wa miaka ya sabini alikimbia akijua kwamba mtu aliye nyuma yake ana ruhusa ya kumvunja, au karibu ruhusa. Messi hakukua katika uwanja wa namna hiyo. Simnyimi sifa zake, alitwaa Kombe la Dunia mwaka 2022 na alistahili, lakini sharti aliye mdogo ajue kwamba sheria zilimlinda.

Walinda lango nao wana habari yao, na hapa nasema kwa kumtetea Onyango, maana wazee wanapenda kudai kwamba walinda lango wa zamani walikuwa bora. Kabla ya mwaka 1992 mlinda lango aliweza kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, akaukumbatia, akapumzika. Siku hizi lazima aucheze kwa miguu huku mshambuliaji anamjia mbio. Kazi imeongezeka.

Basi kipimo changu ni hiki: mpime mchezaji kwa watu waliosimama mbele yake, kwa sheria za siku zake, na hasa kwa saa ile timu yake ilipokuwa inazama. Nilikipata kwa babu yangu mmoja wa Bwera, ndugu wa nyanya yangu. Alikuwa akisikiliza mechi kwa redio, hakuona hata moja. Nilipomwuliza nani alikuwa mkuu, hakutaja idadi ya mabao. Aliuliza, "Ulipokuwa mmefungwa, mpira mlimpa nani?"

Tuwapime watatu wetu.

Omondi wa KCC alikuwa mshambuliaji wa Uganda ilipofika fainali ya mwaka 1978 huko Ghana. Njiani tuliifunga Morocco 3-0 na Nigeria 2-1, na hakuna timu ya Uganda iliyofika huko kabla ya hapo wala baada yake. Omondi alifunga mabao 3, akawa sawa na waliofunga mengi kuliko wote katika mashindano yale. Mwenye kudharau hayo hajui kwamba baada ya siku ile tulingoja miaka 39 kuiona Uganda tena katika mashindano hayo. Lakini fainali tulifungwa 2-0, na mabao yote mawili yalifungwa na Opoku Afriyie wa Ghana. Sisemi Omondi alicheza vibaya. Nasema kwamba saa ya kuzama ilifika, na bao halikupatikana.

Onyango nimemwona mwenyewe, na labda ndiyo sababu moyo wangu unamwelekea. Mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika pamoja na Mamelodi Sundowns, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka ule miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Mwaka 2019, tulipokuwa tumekwisha kufungwa bao 1 na Senegal, Sadio Mané alipewa penalti, na Onyango akaipangua. Huo ndio moyo ninaousema. Ila mlinda lango ana bahati mbaya katika kipimo hiki: aweza kuizuia merikebu isizame zaidi, hawezi kuiinua. Mechi ile ilikwisha 1-0 nasi tukarudi nyumbani. Wako watakaosema kwamba namwonea kwa sababu ya mahali anaposimama uwanjani. Huenda ni kweli.

Sasa Mulamba. Mwaka 1974 Misri ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika. Wengi shuleni hawajui kwamba Uganda nayo ilikuwako. Tulifungwa na Misri 2-1, tukafungwa na Zambia 1-0, tukatoka sare 2-2 na Ivory Coast, basi safari ikaisha. Kumbukeni timu hizo mbili zilizotushinda, Misri na Zambia. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku zile, ilikutana na Misri katika nusu fainali, mbele ya Wamisri wenyewe. Misri ilitangulia kwa mabao 2. Zaire ikarudisha na kushinda 3-2, na mawili katika hayo alifunga Mulamba. Katika fainali Zambia ikatangulia. Mulamba akasawazisha. Muda ukaongezwa, na zilipobaki dakika chache Mulamba akafunga la pili, watu wakadhani yamekwisha. Dakika ya mwisho kabisa Zambia ikasawazisha. Siku zile fainali haikuamuliwa kwa penalti, ilirudiwa. Baada ya siku mbili wakarudi uwanjani, miguu ikiwa bado mizito, na Zaire ikashinda 2-0. Waliofunga? Mulamba, na tena Mulamba.

Jumla yake katika mashindano yale ni mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika mashindano mamoja, hata baada ya timu kuongezeka kutoka 8 kuwa 24. Lakini mimi sitegemei hiyo 9. Natazama kwamba 6 kati yake yalikuja katika mechi tatu za mwisho, na kwamba Zambia ile ile ambayo sisi hatukuweza kuifunga hata bao moja, yeye peke yake aliifunga 4 kwa siku mbili. Waliposhindwa, mpira walimpa yeye.

Najua jibu mtakalonipa. Mtasema, "Na zile tisa za Yugoslavia?" Naam, katika Kombe la Dunia la mwaka huo huo Zaire ilifungwa 9-0 na Yugoslavia, na watu hucheka hadi leo. Lakini Mulamba hakuwa uwanjani kwa sehemu kubwa ya mechi ile. Refa alimtoa mapema kwa kosa la mwenzake, Mwepu Ilunga. Mtu hawezi kuulizwa juu ya nyumba iliyoungua baada ya yeye kufukuzwa mlangoni.

Wengine wameniambia kwamba ninampendelea kwa huruma. Maisha yake yalikuwa mazito, hilo ni kweli. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima, na aliporudi nyumbani watu wenye silaha waliotafuta fedha walimpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini akaishi huko katika ufukara. Mwaka 1998 ilitangazwa kimakosa kwamba amekufa, na wachezaji wa mashindano ya Afrika huko Burkina Faso wakasimama kimya dakika moja kwa ajili ya mtu aliyekuwa hai. Alifariki mwezi wa Januari 2019. Nikisoma habari hizo nahuzunika, lakini huzuni haifungi bao. Kama angekufa tajiri mwenye majumba ningempigia kura hii hii.

Limebaki neno moja, nalo ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini mabwenini: kwamba Mulamba si wetu, na kikombe cha shule ya Uganda hakiwezi kuitwa kwa jina la Mkongo. Wanaosema hivyo ni wale wale wanaomtaka Messi, wala sijasikia kwamba Messi alizaliwa Hima. Lakini nijibu kwa heshima. Tarehe 22 Juni 2019 Uganda ilicheza na Kongo mjini Cairo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa umevuka mpaka na kuingia wilaya yetu mwezi ule ule, watu walinawa maji yenye dawa pale Mpondwe wakapimwa homa, wala hatukupeana mikono. Mjomba wangu wa Kasindi alikuwa kwetu Bwera. Patrick Kaddu akafunga, kisha Emmanuel Okwi, tukashinda 2-0. Sisi watoto tuliruka na kumzomea mjomba. Yeye akatuambia, "Furahini, wajukuu wa Mulamba." Mama akacheka, maana kaka yake huyu ni wa tumbo moja na yeye, na ni mto tu unaomfanya awe Mkongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wasalimiana kwa lugha moja. Nusu ya washangiliaji wa bweni langu wana shangazi huko Kasindi au Beni. Hao waliolifuta lile jina ubaoni waende sokoni Mpondwe wakaulize ni nani mgeni.

Nawaomba wanafunzi wa zamani, ambao barua zao bado ziko njiani, wasinichukie. Omondi wenu ana uwanja Lugogo unaoitwa kwa jina lake, na anaustahili. Wenzangu wa Onyango nimekwisha kuzungumza nao, nao wamenihamishia kitanda karibu na mlango penye baridi ya milima, nami nimehama.

Mwalimu ametuarifu kwamba fundi wa kuchonga mjini Kasese hutoza kwa herufi. Watu wa Messi wamekwisha kuanza kutangaza kwamba jina lao ni la herufi tano tu. Mulamba ni saba. Hizo mbili za ziada nitazilipa mimi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita