Wafokaji Wawili wa Chicago: Nani Aliyekuja na Jipya?

Yapata miaka thelathini na mitano sasa mimi ni mpenzi wa muziki wa kufokafoka wa Wamarekani weusi, wala sioni haya kulisema barazani. Wenzangu hunicheka, wakauita kelele za wahuni. Lakini sisi tuliolelewa kwa vina na mizani tutaikwepaje sanaa ambayo uti wake wa mgongo ni vina?

Mwaka 2024 mafundi wangu wawili, wote wa Chicago, walitoa santuri kwa tofauti ya wiki mbili. Lupe Fiasco alitoa "Samurai" mwishoni mwa Juni, Common akafuatia Julai na "The Auditorium, Vol. 1", akishirikiana na Pete Rock, bingwa wa midundo kutoka New York.

Common, aliyezaliwa mwaka 1972, ni rika langu, na moyo ulikwenda kwake kwanza. Sauti yake imetulia, na midundo ya Pete Rock, iliyojengwa kwa vipande vya nyimbo za kale, ni tamu kama halua. Hiyo ni diwani: shairi hili lausifu mji wake, lile lashukuru, jingine lasimulia ndoto. Kasoro yake ni kuwa hamna neno lililomtoa fundi jasho. Ayasemayo alikwisha kuyasema zamani, tena vizuri.

Lupe, mdogo wake kwa miaka 10, ana nyimbo nane tu, kiasi cha nusu saa. Midundo yote ni ya Soundtrakk, aliyemtengenezea "Kick, Push" mwaka 2006. Lakini nyimbo hizo nane ni utenzi mmoja. Amemwazia Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza, kuwa ni malenga wa kujibizana, apandaye jukwaani kupigana kwa maneno, kama washairi wa Mvita na Lamu zama za Muyaka.

Hapo ndipo palipozuka ubishi. Lupe ni Muislamu aliyelelewa katika dini; Amy alikufa mwaka 2011, akiwa na miaka 27, kwa sababu ya ulevi. Rafiki yangu akaniuliza: Muislamu ana nini na mwanamke yule? Nikamjibu: ana huruma. Hakuisifu pombe, wala hakumtukana maiti, jambo ambalo dini yetu yalikataza. Ameziweka kando kashfa walizozichuuza watu wa magazeti, akakishika kipaji alichojaaliwa na Mola, kisha akauliza: sanaa humgharimu nini mwenyewe?

Basi hukumu yangu ni hii. Common nitamsikiliza jioni nikitaka kuburudika. Lakini aliyekuja na jipya ni Lupe.

Na hukumu hiyo imenichoma mwenyewe. Sisi malenga wa makamo hapa Pwani twalalamika kwamba vijana wameutupa ushairi, ilhali twawapa yale yale: nasaha zile zile, jahazi lile lile, na bahari ile ile. Kijana havikimbii vina. Akimbia kuambiwa alijualo. Nina daftari la mashairi nililoliweka tayari kupelekwa kwa mpiga chapa. Juzi usiku nililifungua, nikasoma kwa sikio la msikilizaji, si la mtunzi. Nimeyafuta kumi.