Alteneta haina kosa, acheni kuisingizia!

Wadau, nimepotea kidogo humu, UE zilinibana kweli kweli, mtaniwia radhi. Leo nimerudi na hasira, tena hasira ya umeme wa ndege. Ndiyo, ndege. Msicheke, mtaona inavyotuhusu sisi wa Education.

Likizo nilikuwa kwa binamu yangu, anajifunza ufundi kwenye karakana moja ya ndege ndogo (jina siliweki, kijana anahitaji kazi). Nikakuta pale kuna Cessna 172 ya mwaka 1975, mali ya mtu binafsi, ile ya mfumo wa volti 14 na betri ya volti 12. Ugonjwa wake: mshale wa amita unacheza kama mlevi, kisha taa nyekundu ya onyo inawaka na alteneta inajitoa. Rubani anazima swichi kuu, anawasha tena, inarudi. Robo saa haipiti, yale yale.

Karakana ikasema betri. Ikanunuliwa betri. Yale yale. Ikasemwa basi ni alteneta. Ikaagizwa, na jamani, kifaa cha ndege chenye karatasi zake hukipati Kariakoo, ni dola hizo na kusubiri. Ikafungwa, ikaruka siku mbili, yale yale. Ikasemwa regulata. Ikaja regulata. Yale yale! Na wakati huo betri mpya imeshaanza kutokota maji kwa kuchajiwa kupita kiasi. Vifaa vitatu vipya, na katika wiki zote hizo hakuna aliyeweka mita kwenye waya hata mmoja. Binamu alithubutu kuuliza, akaambiwa mita inapoteza muda, mwenye ndege anataka kuruka.

Akaja mzee mmoja fundi, amealikwa kutoka nje ya karakana. Nikamwamkia, akauliza, "Mwalimu, unasomea kufundisha nini?" Nikajibu kwa mbwembwe, fizikia na hesabu. "Vizuri. Basi njoo unisomee mita."

Injini imezimwa, hakuna panga linalozunguka. Akawasha swichi kuu, ile nyekundu ya vipande viwili, kimoja cha betri, kimoja cha alteneta. Akapima kwenye baa ya umeme, pale nyaya zote zinapochukulia: volti 12.2. Akapima waya huo huo unapoingia kwenye regulata: 11.1. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Akasema, "Mwalimu, volti 1.1 imekwenda wapi?"

Wadau, nilikaa kimya. Mimi mwenye A ya fizikia ya umeme. Kanuni ya Ohm niliimba tangu kidato cha pili, na nilikuwa sijui inasema nini mbele ya waya mbovu.

Mzee hakunicheka. Akaanza kupima kila kiungo njiani, kichwa kimoja cha mita huku, kingine kule. Sakiti breka ya alteneta, 0.1. Plagi ya regulata, 0.2. Kipande cha alteneta kwenye swichi kuu, 0.8. Jumlisheni wenyewe. Mkondo ulikuwa kama ampea 2, kwa hiyo ndani ya swichi ile kuna ukinzani wa 0.4 ohm, mahali ambapo inatakiwa iwe karibu na sifuri. Miguso imeungua na kulika, ina umri wa karibu miaka 50.

Sasa kwa nini mshale ucheze? Regulata kazi yake ni kutazama volti inayoifikia na kuipa alteneta nguvu ya sumaku kadiri inavyohitajika. Ikiona 13 wakati kwenye baa kuna 14, inaamini umeme ni mdogo, inaongeza. Baa inapanda. Injini ikitikisika na swichi ikipata moto, mguso unabadilika kila sekunde, regulata inaongeza, inapunguza, inaongeza. Siku ukipanda kupita kama volti 16, kinga ya volti kubwa inakata na alteneta inazimwa. Yaani kila kifaa kilichotupwa kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa! Kilikuwa kinaletewa taarifa ya uongo. Ikafungwa swichi mpya, viungo vikasafishwa, mshale ukatulia.

Kuna mtu atanijia juu: kifaa kipya ndiyo usalama, wewe mwalimu unajua nini? Kifaa kipya kwenye waya mbovu ni kifaa kipya kilichofungwa kwenye waya mbovu. Zipo siku alteneta inakufa kweli, brashi zimekwisha, diodi imeungua, au mkanda umelegea tu (huo hata mita hauhitaji, unaushika kwa mkono). Lakini utajuaje bila kupima?

Mwingine atasema injini ya ndege hizi ina magneto zake, alteneta ikifa haizimiki. Kweli. Ila redio, transponda, taa na flapu za Cessna 172 zinakula betri, na betri peke yake inaweza isifike hata nusu saa, kutegemea uzima wake na umezima vingapi. Mchana kweupe utatua. Usiku wa mawingu je?

Someni habari ya Air Illinois, safari namba 710, tarehe 11 Oktoba 1983. Haikuwa ndege ndogo hivyo, ni Hawker Siddeley 748 ya injini mbili. Jenereta ya kushoto ilikufa muda mfupi baada ya kuruka, na rubani msaidizi kwa makosa akaitoa ile ya kulia, iliyokuwa nzima. Haikurudi kazini. Nahodha akaamua kuendelea na safari usiku kwa betri. Betri ikaisha kabla hawajafika, ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville, Illinois, wakafa wote 10. Kukisia kifaa kibovu ni kipi si mchezo wa kupoteza hela za tajiri tu.

Haya, sasa tuje kwetu. Maabara ya mwaka wa kwanza, jaribio la ukinzani, ni wangapi tulipima kweli? Tunachukua desa la waliotangulia, tunapika data, grafu inanyooka kama rula, tunapewa 9 kati ya 10. Nami nimo, sijitoi. Kisha tunakwenda field kufundisha watoto kwamba V ni I mara R, na mtoto yule ndiye kesho anayefungua boneti na kusema "badilisha alteneta". Mnawalaumu mafundi? Mimi siku hizi nawalaumu waliowafundisha, na karatasi ya kuwa mmoja wao nakaribia kuipata.

Jumanne tuna prakitiko. Mwenzangu wa benchi keshaniambia nisihangaike, ripoti ya mwaka jana anayo. Nimemwambia aje na betri ya mita, ile ya maabara imekufa tangu muhula uliopita na hakuna aliyegundua.