Leso ni yetu, mbona ichapwe ng'ambo?

Pita Mtaa wa Biashara msimu wa harusi ujionee. Akina mama wamejaa madukani, wanafungua doti hii na ile, wanasoma jina kwanza ndipo waangalie maua na bei. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye chapa ya Mali ya Abdulla, limo kwenye biashara hii tangu 1887. Michoro na majina hutungwa papa hapa Mombasa. Kitambaa chenyewe, kwa miaka mingi sasa, kinachapwa India.

Si kwamba viwanda vya India vinaijua leso kutushinda. Ni hesabu tu. Kwa uchapaji wa kawaida kila rangi ina skrini yake, na skrini ni pesa. Hakuna kiwanda kitakachowasha mitambo kwa sababu ya doti hamsini. Basi kijana wa Kibokoni mwenye mchoro mkali, na jina ambalo mji mzima ungelizungumzia, atafanya nini? Atamuuzia mwenye mtaji, tena kwa bei ya kutupa.

Mashine ya kidijitali inaivunja hesabu hiyo. Inarusha wino moja kwa moja kwenye kitambaa, kama printa inavyofanya kwenye karatasi. Doti kumi, sawa. Pindo limekosewa? Unalirekebisha kwenye kompyuta.

Lakini tusidanganyane. Wino wake ni ghali, na kwa oda kubwa skrini bado ni nafuu. Zile mashine za kuchapa jezi pia hazisaidii hapa: zinataka poliesta, na leso ni pamba. Pamba ina wino wake, na lazima ipigwe mvuke kisha ioshwe. Leso ikichuja siku ya kwanza kufuliwa, mteja huyo harudi.

Ndiyo maana hatumwambii kijana akakope anunue mashine. Kaunti na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, waweke moja ya pamoja. Mtu alete faili lake, alipie kwa mita. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilifunguliwa upya 2019 na mitambo mipya kwa mkopo wa India. Sisi tunaomba mashine moja tu.

Na wewe mchoraji, kabla hujaurusha mchoro wako WhatsApp, usajili KIPI. Ulinzi ni wa miaka 5, na unaweza kuuongeza hadi 15. Ukitanguliza simu, utaukuta umetundikwa dukani na mwenyewe ukiulizwa bei unayotaka kununulia.