Mashindano ya wanafunzi juu ya mazingira: Kivu haikosi maswali

Katika shule nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, wanafunzi wanajua mashindano ya Génies en herbe: timu mbili zinakaa mezani, swali linaulizwa, anayejibu wa kwanza anapata alama. Yana raha yake, na wazazi wanapiga makofi. Ila mara nyingi yanapima kumbukumbu tu. Mtoto anaweza kutaja miji mikuu ya Afrika nzima bila kujua kwa nini kilima cha nyuma ya shule yake kinaporomoka.

Huko Marekani kuna mashindano ya namna ingine, yanayoitwa Envirothon. Yalianza mwaka 1979 katika jimbo la Pennsylvania, mwaka ule ule UNESCO ilipoandika Hifadhi ya Virunga kati ya urithi wa dunia. Timu ni ya wanafunzi 5 wa sekondari. Wanaulizwa juu ya udongo, maji, misitu na wanyama wa pori, tena nje: wanaingia ndani ya shimo kusoma matabaka ya udongo, wanapima unene wa mti, wanatambua mnyama kwa alama zake. Kisha wanapewa tatizo moja la kweli, wanatafuta njia ya kulitatua pamoja na kuitetea kwa mdomo mbele ya majaji. Aliyekariri tu hafiki mbali.

Kivu haikosi matatizo ya kweli. Mwezi wa tano 2023, mvua ilishusha maji, matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wanafunzi wa huko wangeweza kuulizwa: nyumba zijengwe wapi? Mteremko gani upandwe miti kwanza? Na mama anayepika kwa makala, apike na nini miti ikingali inakua? Hilo la mwisho, hata wakubwa wanaliepuka.

Wamoja watasema vita haviruhusu kupeleka watoto porini. Ni kweli, na hakuna mzazi atakayekubali. Lakini udongo hauko Virunga peke yake. Kuna korongo lililochimbwa na mvua kando ya barabara, mto uliojaa plastiki, shamba la shule. Vifaa si vya bei kali: kamba ya kupimia, jembe, daftari. Mwalimu wa biolojia aliyelipwa mshahara wake, huyo ndiye mgumu kupata. Hata hivyo, shule mbili au tatu zinazopakana zinaweza kujaribu wakati huu wa kiangazi, kabla mvua za mwezi wa tisa hazijarudi.