Uvimbe wa kichwani: Usiipoteze karatasi ya maabara

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini Nairobi na kupanda gari la kurudi Embu au Meru, huwa amebeba bahasha kubwa yenye picha za kichwa chake. Bahasha hiyo hutunzwa sana. Huwekwa juu ya kabati, na kila mgeni anayekuja kumjulia hali huonyeshwa. Lakini ndani yake aghalabu huwa na karatasi nyingine, moja tu, yenye maneno magumu na nambari chache. Hiyo ndiyo hupotea.

Jumapili hii, msomaji, tuzungumze juu ya karatasi hiyo. Kwa mtu aliyetolewa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ni moja ya vitu vinavyosaidia kujibu swali ambalo jamaa wote hujiuliza: je, uvimbe huu utarudi?

Tuanze na tezi yenyewe. Pituitari ni ndogo kama punje ya minji, na uzito wake ni karibu nusu gramu. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, katika kishimo kidogo cha mfupa. Ijapokuwa ni ndogo hivyo, ndiyo inayoamrisha tezi nyingine nyingi: ile ya shingoni, zile zilizo juu ya figo, na zile za uzazi kwa wanaume na wanawake. Pia hutoa homoni ya kukuza mwili na homoni ya kutengeneza maziwa ya mama.

Seli za tezi hii zinapoanza kuongezeka ovyo, uvimbe hutokea. Dalili hutegemea ni seli za aina gani. Mwanamke anaweza kukosa hedhi, ashindwe kushika mimba, na matiti yatoe maziwa ilhali hana mtoto mchanga. Mwanamume anaweza kupoteza nguvu za kiume. Mwingine mikono, miguu na taya hukua polepole, pete ikakataa kuvuka kifundo cha kidole na viatu vya mwaka jana vikambana. Kuna uvimbe mwingine usiotoa homoni yoyote, bali hukua kimya mpaka ubane mishipa ya macho inayopita juu yake. Mtu huyo huona vizuri mbele yake, lakini pembeni haoni. Hugonga miimo ya milango, na boda boda inayotoka kando humshtua ikiwa tayari imemfikia.

Kwa vile dalili hizi huja polepole, watu husaka sababu kwingine. Mama asiyezaa hulaumiwa na wakwe. Anayenenepa uso na mikono huambiwa pesa zimemkubali. Wengine husema mtu amerogwa. Miaka hupita hivyo.

Isidhaniwe kuwa ni ugonjwa wa watu wachache mno. Uchunguzi uliofanywa mjini Liège, Ubelgiji, na kuchapishwa mwaka wa 2006, ulipata mtu 1 mwenye uvimbe wa aina hii kwa kila watu 1,064. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu. Kama kiwango hicho kingekuwa sawa na kwetu, kaunti hizi mbili zingekuwa na wagonjwa wapatao 2,000. Jiulize ni wangapi kati yao wanaojua.

Si kila uvimbe wa pituitari huhitaji kisu. Ule unaotoa prolaktini, yaani homoni ya maziwa, mara nyingi hunywea kwa vidonge kama vile bromokriptini na kabagolini. Ndiyo maana daktari mwangalifu hupima damu kabla ya kuzungumzia upasuaji. Lakini aina nyingine nyingi, hasa zinapobana macho, huondolewa kwa upasuaji, na leo madaktari hupitia puani mara nyingi. Mgonjwa wa Meru au Embu kwa kawaida huelekezwa Nairobi. Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta upasuaji wa uvimbe unaobana njia ya macho umefanywa kwa miaka mingi. 

Sasa tufuate kile kipande cha nyama kilichotolewa. Hakitupwi. Hutiwa ndani ya dawa iitwayo fomalini ili kisioze, kisha hupelekwa maabara. Huko hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini. Ikiwa kilicheleweshwa kutiwa dawa, au kilitiwa maji badala ya fomalini, kazi yote inayofuata huharibika.

Hapo ndipo mtaalamu hutafuta alama. Ya kwanza ni alama ya ukoo wa seli. Tangu mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani limependekeza protini kama PIT1, TPIT na SF1 zitumike kuonyesha seli za uvimbe zilitoka ukoo gani. Hili si jambo la wasomi peke yao. Kuna uvimbe wa ukoo wa TPIT ambao hautoi homoni ya kutambulika kwenye damu. Kwenye picha unafanana na uvimbe wowote wa kimya, lakini unajulikana kwa tabia ya kurudi kuliko wenzake. Bila kukipima kipande hicho, hakuna awezaye kuutambua.

Alama ya pili huitwa Ki-67. Jina hilo lisikutishe. Ki ni ufupisho wa Kiel, mji wa Ujerumani ambako watafiti waliitambulisha mwaka wa 1983, na 67 ni nambari ya kijishimo cha sahani ya maabara walimoipata. Ki-67 ni protini inayoonekana ndani ya seli iliyo katika harakati za kujigawa. Seli hiyo ikipakwa dawa maalumu, kiini chake hugeuka rangi ya kahawia. Mtaalamu huhesabu. Akipata seli 10 za kahawia kati ya 1,000, ataandika asilimia 1. Akipata 60, ataandika asilimia 6. Nambari ikiwa kubwa, maana yake uvimbe una haraka. Pamoja na hiyo huhesabiwa seli zinazoonekana zikigawanyika waziwazi, na hutazamwa protini nyingine iitwayo p53.

Je, nambari hizi zinatosha kutabiri? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Mbeere anajua kwamba si kila wingu huleta mvua. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani lilitenga kundi la uvimbe lililodhaniwa kuwa la hatari, likitumia Ki-67 iliyopita asilimia 3 pamoja na alama nyingine. Mwaka wa 2017 kundi hilo liliondolewa, kwa kuwa jina hilo pekee halikutabiri vyema nani atapona na nani atarudi hospitalini. Alama zenyewe hazikutupwa. Ilionekana tu kwamba zisisomwe peke yake.

Fikiria magugu shambani. Ukiyafyeka, kurudi kwake kunategemea mambo mawili: ni magugu ya aina gani, na mizizi imefika wapi. Uvimbe ni hivyo hivyo. Kipande cha nyama hueleza aina na kasi. Picha ya kichwa, na macho ya daktari aliyepasua, hueleza mizizi: kama uvimbe umeingia kwenye nafasi zilizo kando ya tezi, zenye mishipa mikubwa ya damu, ambako kisu hakifiki kwa urahisi. Huko Ufaransa, kundi la Profesa Jacqueline Trouillas lilichapisha mwaka wa 2013 uchunguzi wa wagonjwa 410 waliofuatiliwa kwa miaka 8. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa na mambo yote mawili, yaani kupenya kando na alama za kasi, walikuwa na hatari iliyozidi mara 10 ya uvimbe kubaki au kuendelea, wakilinganishwa na wale ambao wao haukupenya.

Tuseme akina mama wawili, mmoja wa Runyenjes na mwingine wa Nkubu, wamepasuliwa wiki moja. Wote wameambiwa si kansa, na ni kweli, kwani uvimbe wa pituitari unaosambaa mpaka viungo vingine hauzidi 1 kati ya 100. Wa Runyenjes, Ki-67 yake ni asilimia 1 na uvimbe haukupenya. Wa Nkubu ni asilimia 6, na umepenya. Neno "si kansa" limewarudisha wote nyumbani na furaha moja, lakini safari zao hazifanani. Wa pili anahitaji picha mapema na mara nyingi zaidi, na huenda akahitaji vidonge, miale au upasuaji wa pili. Akiipoteza ile karatasi, asiulizwe na asirudi, atakumbuka Nairobi siku atakapoanza tena kugonga milango. Mishipa ya macho iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isipone.

Basi, msomaji, ikiwa una mgonjwa nyumbani, fanya haya.

Kwanza, kabla ya upasuaji, uliza kipande kitapelekwa maabara gani, alama hizi zitapimwa au la, na gharama italipwa na nani. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, mahali pa ile ya zamani ya NHIF. Usisubiri siku ya kutoka ndipo uulize.

Pili, usiondoke bila kujua ripoti itakuwa tayari lini. Mara nyingi mgonjwa huenda nyumbani kabla haijaandikwa, na hakuna anayerudi kuichukua. Mpe kazi hiyo kijana anayesoma au kufanya kazi Nairobi. Atoe nakala mbili, moja ibaki naye.

Tatu, kama alama hazikupimwa, usikate tamaa. Nyama iliyogandishwa katika nta hudumu kwa miaka mingi, na inaweza kupimwa baadaye au kupelekwa kwa mtaalamu mwingine.

Nne, muulize daktari swali moja wazi: "Kwa yale mliyoyaona kwenye nyama na kwenye picha, turudi baada ya muda gani?" Wengi hupigwa picha ya kwanza kati ya miezi 3 na 6 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Wako anaweza kuhitaji mapema zaidi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, kila mtu wa nyumba aione.

Na ile bahasha iliyo juu ya kabati, ishushe leo jioni. Tazama kama karatasi bado imo ndani.