Lehemu ya ubongo haitoki kwenye sahani

Lehemu, au kolesteroli, ikitajwa nyumbani, mawazo huenda kwenye moyo na mafuta ya kupikia. Wachache wanajua kwamba ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hubeba takriban asilimia 20 ya lehemu yote. Nayo haitoki kwenye chakula. Ubongo huitengeneza wenyewe, kwa kuwa ile ya kwenye damu haipenyi kuingia humo.

Sehemu kubwa ya lehemu hiyo imo kwenye mayelini, ala inayofunika mishipa ya fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Katika ugonjwa wa maltipo sklerosisi, kinga ya mwili huigeukia ala hiyo na kuibomoa. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Ugonjwa huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake wengi kuliko wanaume.

Ala ikibomoka, seli za kinga hufika kuzoa mabaki. Mabaki yamejaa lehemu, na seli haiwezi kuivunja; ni lazima iitoe nje. Kazi hiyo husimamiwa na vipokezi viitwavyo LXR. Vikihisi lehemu imezidi ndani ya seli, huamsha jeni za kuisafirisha nje, na wakati huohuo hupunguza kemikali zinazochochea uvimbe. Mzigo ukizidi uwezo wa seli, lehemu huganda kuwa fuwele, uvimbe huendelea na ala hushindwa kujengwa upya. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha hali hiyo kwa panya wazee.

Dawa za kuamsha vipokezi hivyo zimepunguza makali ya ugonjwa unaofanana na huo kwa panya. Tatizo ni kwamba huongeza mafuta kwenye ini na kwenye damu, hivyo bado si tiba ya binadamu.

Je, dawa za kawaida za kushusha lehemu? Nchini Uingereza, simvastatini ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 900 ambao hali zao zilikuwa zikizorota polepole. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa haikupunguza kasi ya ulemavu. Aliyeandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya moyo aendelee nayo, lakini asitarajie itibu mishipa ya fahamu.

Kwa familia, somo ni moja: mgonjwa asilaumiwe kwa alichokula, wala asiachishwe dawa kwa ahadi ya mlo fulani. Jicho moja likiingia ukungu ghafla, au ganzi na kuyumba vikidumu zaidi ya siku moja, aende hospitali. Zipo dawa za kuituliza kinga, na hufaa zaidi zikianzwa mapema.